Jina la Mtoto Wetu Linasema na Nani?

(Mada iliyotolewa mbele ya Washarika na wageni wa Dayosisi katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika, Kasulu)



Katika juma hili tumesikia habari za majengo, za kwaya, za shule na za watumishi waliotutangulia. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo dogo kwa kulitazama, lakini ambalo kila nyumba ya Kikristo hukutana nalo, nalo ni kumpa mtoto jina lenye maana ya kiroho.

Usharika wo wote una kitabu chake cha ubatizo. Mistari yake ni mifupi: tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, majina ya wasimamizi. Wazee waliojenga kanisa kwa mikono yao hutajwa katika historia mara moja au mbili, lakini kila mtoto aliyeletwa mbele ya birika la ubatizo ameandikwa humo kwa jina lake. Mtoto huyo hakulichagua. Alichaguliwa na wengine, naye atalibeba mpaka siku litakapoandikwa kwenye msalaba wa kaburi lake. Kwa sababu hiyo wazazi wanapoketi kuchagua jina, wanafanya kazi ya miaka 70 au 80 katika mazungumzo ya jioni moja. Yafaa wajue wanafanya nini.

1. Majina ya Buha ni sentensi

Ndugu zangu, sisi wa nchi hii ya Buha tumerithi hazina kubwa ambayo makabila mengine hawanayo kwa namna hiyo hiyo. Jina la Kiha, kama lilivyo jina la Kirundi, mara nyingi si neno moja lenye kutaja kitu. Ni sentensi nzima yenye mtendaji na tendo, na mara nyingi mtendaji huyo ni Imana, yaani Mungu.

Hakizimana maana yake ni kwamba aponyaye na kuokoa ni Mungu. Habonimana, kwamba aonaye ni Mungu. Harerimana, kwamba aleaye ni Mungu. Ntakirutimana, kwamba hakuna kinachompita Mungu. Nzeyimana, kwamba ninamtumaini Mungu. Majina haya tunayatumia pamoja na jirani zetu wa Burundi, nayo yamevuka mpaka huu kwenda na kurudi kwa vizazi vingi.

Tena yako majina ambayo Mungu amefichwa ndani yake. Katika lugha yetu neno Imana hufuatwa na kiambishi chake, na kiambishi hicho peke yake chatosha kumtaja. Ndayishimiye ni kusema, namshukuru Yeye. Niyonkuru ni kusema, Yeye ndiye mkuu. Niyonzima ni kusema, Yeye ndiye aliye hai. Mpawenayo ni kusema, nimepewa na Yeye. Mgeni akisikia majina hayo hasikii neno Imana, lakini mzee wa Kasulu au Kibondo ajua mara moja ni nani anayesemwa.

Sasa tuyaweke majina haya kando ya majina ya Biblia. Jina Yesu, ambalo ni sawa na Yoshua, lahusu Bwana aokoaye. Hilo si mbali na Hakizimana. Mikaeli ni swali la Kiebrania lenye kuuliza ni nani aliye kama Mungu, na Ntakirutimana ni kama jibu lake. Nathanaeli ni Mungu amenipa au Mungu ametoa. Mpawenayo yasema neno lilo hilo. Hajiri mtumwa, alipokimbilia jangwani akiwa na mimba, alimwita Mungu kuwa ndiye aonaye, kama tusomavyo katika Mwanzo 16. Sisi tunao akina Habonimana wanaotembea katika mitaa yetu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba majina ya wazee wetu ni ya kipagani, na aulizwe kwanza kama anajua maana yake.

Si majina yote ni ya namna hiyo. Yako yanayotaja nafasi ya mtoto katika kuzaliwa. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, na anayewafuata ni Kiza. Mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani, wa tisa ni Nyabenda, wa kumi ni Bucumi. Majina haya hayana neno la Mungu wala neno baya. Ni hesabu ya furaha ya nyumba yenye watoto. Mkristo hana sababu ya kuyaonea haya.

2. Jina linasema na nani?

Lakini tukiwa wakweli mbele ya Mungu, tutakubali kwamba hazina hii ina upande wake wa pili. Kwa kuwa jina letu ni sentensi, basi sentensi hiyo yaweza kuelekezwa kwa mtu ye yote. Wazee wetu walitumia jina la mtoto kusema na Mungu, lakini pia walilitumia kusema na jirani, na mke mwenza, na shemeji, na mkwe asiyependa ndoa. Mtu asiyethubutu kugombana hadharani alimpa mtoto jina, kisha kila alipomwita kutoka uani, jirani alisikia ujumbe wake.

Tunayo majina kama Nsanzugwanko, lenye kusema kwamba nimekuta chuki. Jirani zetu wa Burundi walipata Rais aliyeitwa Ntibantunganya, jina lenye kusema kwamba hawanitendei yaliyo sawa. Hata Kiswahili hakikosi majina ya jinsi hii: Tabu, Shida, Mateso, Masumbuko, Majuto. Watu wengi wenye majina hayo wameishi maisha ya heshima kubwa, wakawa walimu, viongozi na watumishi wa Kanisa. Sisemi neno lo lote juu yao. Nasema juu yetu sisi tunaochagua leo.

Swali ambalo napenda kila mzazi aondoke nalo hapa ni moja tu: jina hili linasema na nani? Likisema na Mungu, hata kama ni neno la machozi, mtoto amepewa sala. Likisema na jirani, mtoto amepewa barua ya ugomvi aipeleke mlango hadi mlango, barua ambayo hakuiandika yeye na ambayo wenye ugomvi wenyewe watakufa wakamwacha nayo mkononi.

Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya jina zuri na jina baya. Liko jina Ntirampeba, lenye kusema kwamba Yeye bado hajaniacha. Hilo si jina la raha. Anayelitoa amepita mahali pagumu. Huenda amezika watoto kabla ya huyu. Lakini machozi yake ameyapeleka kwa Mungu, wala hakuyamwaga juu ya mlango wa jirani. Mtoto mwenye jina hilo akikua na kuuliza, ataambiwa habari ya Mungu aliyebaki na wazazi wake. Mtoto mwenye jina la chuki akiuliza, ataambiwa habari ya shangazi.

3. Akina mama watatu

Maandiko Matakatifu yatufundisha jambo hili kwa njia ya akina mama watatu waliozaa katika uchungu.

Wa kwanza ni Raheli, mke wa Yakobo, katika Mwanzo 35. Alijifungua njiani, karibu na Efrathi, naye akawa anakufa. Akamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo naye alikuwa amefiwa, lakini akambadilishia mtoto jina, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Angalieni, Yakobo hakukana msiba. Alimjengea Raheli nguzo juu ya kaburi lake. Huzuni aliiweka kwenye nguzo ya kaburi, ambako ndiko mahali pake, wala hakuiweka juu ya mtoto.

Wa pili ni mke wa Finehasi, katika 1 Samweli 4. Alisikia kwamba Sanduku la Mungu limetekwa, na mkwewe na mumewe wamekufa. Akazaa, akamwita mtoto Ikabodi, kwa maana utukufu umeondoka. Hakuwapo Yakobo wa kulibadilisha. Jina likabaki.

Wa tatu ni mama wa Yabesi, katika 1 Mambo ya Nyakati 4. Alimpa mtoto jina la maumivu kwa sababu alimzaa kwa maumivu. Yabesi alipokua alimwomba Mungu wa Israeli ambariki na kumlinda na uovu, na Mungu akamjalia alichoomba. Hatusomi kwamba jina lake lilibadilishwa. Alibaki Yabesi, na ni kwa jina hilo la maumivu tunamkumbuka kama mtu wa sala na mtu aliyeheshimiwa kuliko ndugu zake.

Kutoka kwa hao watatu twajifunza mambo mawili. La kwanza, mzazi ana wajibu wa kufanya kama Yakobo wakati ungalipo, kabla mtoto hajaandikwa. La pili, aliyekwisha kubeba jina la uchungu hajafungwa nalo, kwa maana Mungu wa Yabesi yu hai.

4. Je, jina laweza kuwa laana?

Jambo hili la pili nalisema kwa nguvu, kwa sababu siku hizi wako wahubiri wanaowaambia watu kwamba umaskini wao, ugonjwa wao au utasa wao watokana na jina. Kijana aitwaye Tabu anaambiwa hataona raha mpaka abadili jina. Mama mwenye jina la Kiha anaambiwa ameitwa jina la mizimu. Watu wanatoka kwenye mikutano hiyo wamejaa hofu, wakiwaona babu zao kuwa ndio waliowaroga.

Wapendwa, hayo si mafundisho yetu. Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha kwamba Ubatizo si maji matupu bali ni maji yaliyounganishwa na Neno la Mungu. Hasemi kwamba nguvu yake iko katika jina la mtoto. Jina lenye nguvu penye birika ni moja, nalo ni la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Jina la mtoto hutajwa ili ijulikane ni nani anayepewa zawadi. Hata aitwe nani, zawadi ni ile ile.

Kwa hiyo tusiligeuze jina kuwa hirizi, wala hirizi mbaya wala hirizi nzuri. Mtoto aitwaye Baraka anaweza kuwa mwizi asipolelewa. Mtoto aitwaye Shida anaweza kuwa mchungaji wa kondoo wa Bwana. Tunachagua jina jema kwa sababu ni ushuhuda na ni heshima kwa mtoto, si kwa sababu ni dawa.

5. Jina la Kikristo ni lipi?

Twende sasa kwenye swali linaloulizwa mara nyingi ofisini mwa mchungaji: je, ni lazima mtoto apewe jina la Kikristo? Na hilo jina la Kikristo ni lipi?

Zamani katika sehemu nyingi za nchi yetu, aliyebatizwa alitarajiwa kuacha jina la nyumbani na kuchukua jina la Biblia, la mtakatifu, au hata jina la Kizungu tu ambalo maana yake hakuelezwa. Wazee walilipokea kwa imani, na wengi walilipenda kwa sababu lilikuwa alama ya maisha mapya. Hatuwahukumu waliotoa wala waliopokea. Lakini matokeo yake yako: watoto wengi hawajui majina yao yana maana gani, la Kizungu kwa kuwa ni geni, na la Kiha kwa kuwa halitajwi tena.

Yatupasa kujua kwamba hata majina ya Ulaya yalikuwa na habari zake. Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, tarehe 11, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Martin wa Tours. Ndiyo sababu akaitwa Martin. Wazazi wake walifuata kalenda ya Kanisa kama sisi tunavyomwita mtoto Pasaka au Noeli. Ukoo wao ulijulikana kama Luder. Kuanzia mwaka 1517 yeye mwenyewe alianza kutia sahihi barua kadhaa kwa jina Eleutherius, neno la Kiyunani lenye maana ya mtu huru, na tangu wakati huo akajiandika Luther. Alikuwa amegundua uhuru wa Injili, akautia hata katika jina.

Mwaka 1934 mchungaji mmoja wa Kibaptisti kutoka Atlanta, Marekani, aitwaye Michael King, alisafiri mpaka Ujerumani kuhudhuria mkutano wa Wabaptisti wa dunia huko Berlin. Aliporudi alijiita Martin Luther King, na mwanawe aliyezaliwa mwaka 1929 naye akaitwa hivyo hivyo. Mwana huyo ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1964. Jina halikumfanya kuwa vile alivyokuwa, lakini baba alijua kwa nini alimpa, na mwana alijua kwa nini aliitwa.

Hapa kwetu pia Kanisa limejifunza. Katika sharika za Kilimanjaro, Upare na Meru, Walutheri wamezoea kuunganisha neno la Kiebrania El, yaani Mungu, na neno la Kiswahili au la lugha yao, wakapata majina kama Elirehema, Elineema na Elifuraha. Ni majina ambayo hayamo katika Biblia, na bado hakuna awezaye kusema si ya Kikristo. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alibeba jina la mfalme wa Yuda pamoja na neno la Kihaya lenye maana ya msitu. Msitu huo haukumzuia kusimama mbele ya Makanisa ya dunia nzima.

Tukitazama jirani zetu Waanglikana, Dayosisi yao ya Western Tanganyika yenye makao hapa Kasulu ilianza mwaka 1966 na Askofu wake wa kwanza, Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tanzania. Musa lilibaki, na Kahurananga likabaki. Baada yake akaja Askofu Mkuu John Ramadhani, kuanzia mwaka 1984 hadi 1998. Mwezi wa mfungo wa Waislamu ukatajwa kila alipotajwa Askofu Mkuu wa Kanisa, wala Injili haikupungua.

Basi jibu langu ni hili. Jina la Kikristo ni jina ambalo Mkristo anaweza kulieleza mbele ya Mungu na mbele ya mtoto. Yohana ni jina la Kikristo. Neema ni jina la Kikristo, na kwa kweli Yohana kwa Kiebrania ni kusema kwamba Bwana ana neema. Hakizimana ni jina la Kikristo. Jina lisilojulikana maana yake, lililookotwa kwenye sinema au lililoundwa kwa kuunganisha vipande vya majina ya baba na mama, si dhambi. Lakini mtoto akiuliza, wazazi watakuwa na kitu gani cha kumwambia?

6. Waliotaka kutawala majina

Nchi yetu ya Kigoma imepokea wageni wengi kwa sababu ya vita vya jirani. Kambi ya Nyarugusu, hapa wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Kambi ya Mtabila, iliyowahifadhi Warundi, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilihudumu miongoni mwa wakimbizi katika Kibondo na Kasulu, na kwa hiyo habari zao ni sehemu ya habari za Walutheri.

Wazee wa Kongo wanaweza kutueleza jambo juu ya majina. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliwaamuru raia wote waache majina yao ya ubatizo na kuchukua majina ya Kiafrika. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipopinga siasa hiyo ilimlazimu kuondoka nchini kwa muda. Kwa nje amri ile ilionekana kuwa heshima kwa Uafrika. Lakini jina la Kiafrika linalotolewa kwa amri halina tofauti na jina la Kizungu linalotolewa kwa amri. Katika yote mawili mwenye nguvu amesimama kati ya mzazi na mtoto wake.

Nalisema hili ili sisi tunaopenda majina ya asili tusije tukawa akina Mobutu wadogo katika Usharika. Mzazi akimwita mtoto Petro, Maria au Danieli kwa imani na kwa kujua, asikemewe kwamba amesahau kwao. Danieli mwenyewe alipelekwa Babeli akapewa jina Belteshaza kwa nguvu, na bado alijua yeye ni nani na anamwomba nani.

7. Mashauri kwa wazazi

Kabla sijamaliza, naomba niwape wazazi, hasa vijana wanaotarajia mtoto, mashauri machache.

Kwanza, zungumzeni mapema. Isiwe mchungaji anauliza jina la mtoto mbele ya birika, baba akamtazama mama na mama akamtazama bibi. Zakaria na Elisabeti, katika Luka 1, walikuwa wamekwisha kupatana juu ya jina Yohana, na ndiyo sababu majirani na jamaa walipotaka mtoto aitwe Zakaria, nyumba ile haikuyumba. Waheshimuni wazee wa ukoo na kuwasikiliza, lakini mwenye kujibu mbele za Mungu ni ninyi wawili.

Pili, waulizeni wazee maana. Wako bibi na babu katika Usharika huu wanaoweza kueleza jina la Kiha kiambishi kwa kiambishi. Wakiondoka, elimu hiyo haimo katika kitabu cha shule. Kabla hamjaacha jina la babu, jueni mnaacha neno gani. Kwa utaratibu wetu wa majina matatu, mtoto hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake. Hivyo mtoto mmoja aweza kubeba shuhuda za vizazi vitatu, iwapo kuna mtu wa kumfasiria.

Tatu, jina la ugomvi lisivuke mlango wa kanisa. Nawaomba Wazee wa Kanisa na Wainjilisti, mnapoandikisha ubatizo, waulizeni wazazi kwa upole maana ya jina walilochagua. Mkisikia harufu ya ugomvi wa mashamba au wa wake wenza, msiwafukuze. Ketini nao, ombeni nao, mpatanisheni wagomvi kama inawezekana. Mara nyingi jina lile ndilo dalili ya kwanza kwamba nyumba ina jeraha.

Nne, andikeni jina kwa namna moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inatambua kwamba mtoto ana haki ya jina. Haki hiyo inaharibika kwa herufi. Hakizimana anaandikwa Akizimana kwenye kadi ya kliniki, kisha Hakizimana kwenye cheti cha ubatizo. Kiza wa Kiha anaandikwa Ciza kama wa Kirundi. Mtoto anapofika wakati wa kutafuta kazi au kitambulisho cha taifa, anatakiwa aape mahakamani kwamba watu wale wawili ni yeye mmoja. Katika mkoa wa mpakani kama wetu, ambako mtu aweza kuulizwa uraia kwa sababu ya jina lake tu, herufi moja yaweza kumgharimu sana. Andikeni jina kwenye karatasi safi, mpeni karani, na mlisome tena kabla ya kuondoka.

Tano, mwambieni mtoto. Wasimamizi wa ubatizo wana kazi hapa. Katika siku ya kukumbuka ubatizo wake, na tena anapoingia darasa la Kipaimara, mtoto na aketishwe aelezwe: uliitwa hivi kwa sababu hii. Jina lisiloelezwa ni kama taa isiyowashwa.

Na ninyi mnaobeba majina ya uchungu, mkiwa watu wazima, mna ruhusa mbili. Mnaweza kulibadili kwa njia ya sheria, kama likiwaumiza, wala si dharau kwa wazazi. Au mnaweza kukaa nalo kama Yabesi na kuligeuza kuwa sala. Mtu asiwalazimishe lo lote kati ya hayo, wala mtu asiwaambie mmelaaniwa, kwa maana mmebatizwa.

Baba Askofu, wapendwa katika Bwana, miaka 100 ijayo hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa hapa. Wajukuu wa wajukuu wetu watafungua kitabu cha ubatizo na kusoma majina tuliyoyaandika. Hawatatusikia tukihubiri wala tukiimba. Kwa majina hayo watajua tulikuwa tukisema na nani.

Mungu Baba aliyetuita kila mmoja kwa jina lake awabariki wazazi wote wa Usharika huu na watoto ambao bado hawajazaliwa.

Amina.